Sura ya Sita: Sanduku Moja, Kompyuta Nyingi

Barua pepe iliyoonekana asubuhi katika kompyuta ya karani na isiyoonekana adhuhuri katika kompyuta ya mhasibu, ilhali anwani ni moja, neno la siri ni moja na mtandao ni mmoja, imekwisha kuwatia watu wengi shaka juu ya uaminifu wa wenzao, imewafanya mafundi wafute programu nzima na kuzipakia upya bila ya faida, na imezifanya ofisi zenye fedha chache zinunue kompyuta mpya ambazo baada ya juma moja zilionyesha dosari ile ile ya zile kongwe. Aghalabu mashine hizo hazikuwa na taksiri yoyote. Zilitenda kama zilivyoamriwa. Na amri zilizopewa zilitungwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye kompyuta moja, kisha zikawekwa mahali penye watu wanne na kompyuta nne, pasitokee mtu wa kuuliza swali linalopasa kuulizwa kabla ya mengine yote: barua ya asili inakaa wapi?

Mfano wangu nautwaa Dakawa, mji mdogo wa Wilaya ya Mvomero uliopo kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, pale ambapo milima ya Uluguru imekwisha kuachwa nyuma upande wa kusini na bonde la Mto Wami limejitandaza kwa mashamba ya mpunga. Nimepachagua hapa badala ya mtaa wa maofisi wa Dar es Salaam kwa kuwa Dakawa ni mahali padogo penye mawasiliano mengi kupita kadiri ya ukubwa wake. Skimu ya umwagiliaji ya hekta 2,000, ambayo zamani ilikuwa shamba la serikali chini ya shirika la NAFCO na sasa inalimwa na wakulima wadogo, haina budi kuandikiana na wanunuzi, mabenki na mafundi wa pampu; kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kina wenzake wa ndani na wa nje wa kupelekeana nao habari za mpunga; na makazi waliyoyajenga wakimbizi wa chama cha ANC cha Afrika Kusini, waliopewa ardhi hapa mwaka 1982 na kuikabidhi kwa serikali ya Tanzania mwaka 1992, yamerithiwa na elimu, nayo elimu ina nyaraka zake zisizokwisha. Mkusanyo huo wote hupita katika mtandao wa simu, na umeme wa kuendeshea kompyuta una siku zake za kukatika. Dosari ambayo mjini hupita bila ya kutambulikana, kwa sababu kasi ya mtandao huifunika, hapa hujidhihirisha.

Ofisi nitakayoieleza haina jina. Nimeikusanya kutokana na ofisi kadha wa kadha ambazo nimepata kuitwa kuzitazama, ili pasiwe na mtu wa kuaibishwa. Inauza mbegu na kununua mpunga. Anwani yake ya barua pepe ni moja, nayo imeandikwa juu ya kibao cha mlangoni, katika stakabadhi na katika mihuri, hata haiwezekani kuibadili bila ya kuwapoteza wateja. Kompyuta ya kwanza ni ya katibu, ya pili ya mhasibu, ya tatu ya karani, na ya nne, kongwe kuliko zote, imewekwa karibu na dirisha kwa ajili ya yeyote mwenye haja.

“Shikamoo, mwalimu,” karani kijana aliniambia siku moja katika ofisi ya namna hiyo. “Oda ya mbegu ya SARO 5 niliisoma jana kwa macho yangu. Leo nimeitafuta mpaka nimechoka, haipo.”

“Marahaba, mwanangu. Uliisomea katika kompyuta ipi?”

Alinyamaza kidogo, kisha akanyosha mkono kuelekea dirishani. “Ile pale. Ya kwangu Mama Katibu alikuwa anachapia barua.”

Jawabu lilikuwa limekwisha kupatikana, ingawa kulithibitisha kulichukua asubuhi nzima. Oda ile ya mbegu haikupotea wala haikuibwa. Ilikuwa ndani ya kompyuta ya nne, na ndani ya kompyuta ya nne peke yake.

Ili msomaji afahamu jambo hilo lilitukia vipi, yampasa aijue itifaki iitwayo POP, ambayo waraka wake wa kwanza uliandikwa na Joyce Reynolds mwezi Oktoba 1984 katika Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, na ambayo toleo lake la tatu, lililotolewa na Marshall Rose mwezi Novemba 1988 na kusahihishwa mara ya mwisho mwezi Mei 1996, ndilo linalotumika hata leo. Hali yake inafanana na ya sanduku la posta kama tulijuavyo sisi, ambao barua zetu haziletwi mlangoni bali hungoja katika S.L.P. mpaka mwenye ufunguo aende. Tarishi wa kwanza kufika hufungua sanduku, hukusanya kila alichokikuta, hukitia mkobani na kurudi nacho. Na tarishi wa pili, hata akiwa na ufunguo halali wa sanduku lile lile, hukuta tupu. Sanduku halimdanganyi. Barua zimekwisha kuhamia katika mkoba wa mwenzake. Kompyuta inayotumia POP kwa kaida yake ya asili ni tarishi wa namna hiyo, na ofisi yetu ilikuwa na matarishi wanne ambao kila mmoja alikwenda posta kila baada ya dakika chache pasipo kujua habari za wenziwe.

Mazungumzo yenyewe kati ya kompyuta na seva, yaani mashine ya mbali inayolitunza sanduku, ni mafupi mno, na nashauri kila fundi ayafahamu kwa moyo, kwani hitilafu nyingi husomeka ndani yake. Kompyuta hutaja jina la mwenye sanduku kwa neno USER, kisha neno la siri kwa PASS. Huuliza kwa STAT barua ziko ngapi na uzito wake ni kiasi gani. Huiomba kila barua kwa RETR. Huitia alama ya kufutwa kwa DELE. Na mwisho huaga kwa QUIT. Ajabu ya utaratibu huu ni kwamba DELE haifuti chochote. Huweka alama tu, na kufuta kwenyewe hutendeka baada ya QUIT kupokelewa. Na kama mawasiliano yamekatika kabla ya hapo, kwa sababu yoyote iwayo, seva imekatazwa katakata kufuta hata barua moja. Waliotunga kanuni hiyo waliogopa barua isije ikafutwa seva kabla haijafika salama kwa mwenyewe, na hofu yao ilikuwa ya busara.

Walakini tadbiri hiyo njema ina matokeo yake mahali ambapo mtandao unakata. Fikiri kwamba sandukuni mna barua 30, na ya 17 imebeba mchoro wa mifereji uliopigwa picha na mashine, wenye uzito wa megabaiti 6. Kiambatisho hakisafiri kama kilivyo. Hubadilishwa kwanza kuwa herufi, kila baiti tatu zikiwa herufi nne, hivyo mzigo huongezeka kwa thuluthi na kuwa megabaiti 8. Katika laini inayopitisha kilobiti 64 kwa sekunde, na hiyo ni laini ambayo wengi wetu tumeionja mnara unapolemewa, mzigo huo wahitaji karibu dakika 17 za mtiririko usiokatika. Kama umekatika katika dakika ya 12, QUIT haikutamkwa, na barua 16 za mwanzo, ambazo zimekwisha kuingia katika kompyuta, bado ziko sandukuni. Baadhi ya programu hazikumbuki kuwa zimezipokea, huanza upya kutoka ya kwanza, na zikifika ya 17 hukwama tena. Mhasibu huziona barua zile zile mara mbili, mara tatu, mara tano, wala zile zinazofuata ile ya 17 haoni hata moja, na bando linakwisha. Dawa ya hali hii si kuongeza bando. Ni kulifungua sanduku kwa kivinjari, kuipakua ile barua nzito peke yake au kuihamishia folda nyingine, na kuziacha nyepesi zipite. Na katika programu ya Outlook, ambayo kwa kawaida hungoja dakika 1 tu seva ikinyamaza, kuusogeza muda huo wa kungoja kuelekea dakika 10.

Liko tatizo la pili linalozaliwa na kukatika huko huko, nalo ndilo lililopotosha watu wengi kuliko yote. Maadamu kompyuta moja imo katika mazungumzo ya POP, seva huweza kulifunga sanduku ili mwingine asiingie, na kompyuta ya pili ikibisha hodi hukataliwa. Kama ile ya kwanza imekatikiwa na mtandao bila ya kuaga, seva haina njia ya kujua kuwa imeondoka. Huendelea kuilindia nafasi yake, na kanuni inaitaka isiivunje nafasi hiyo kabla ya dakika 10 za ukimya kupita. Katika dakika hizo programu ya kompyuta ya pili, badala ya kusema kwamba sanduku limefungwa, mara nyingi huonyesha kidirisha cha kuomba neno la siri upya. Katibu akaliandika, likakataliwa. Akaliandika kwa herufi kubwa, likakataliwa. Akaliita limebadilishwa na mtu. Akalibadilisha kwa kivinjari, na kuanzia saa hiyo kompyuta nyingine tatu, zilizokuwa na neno la zamani, zikakataliwa kwa haki. Nimeona ofisi ikifunga kazi siku nzima kwa ajili ya jambo ambalo dakika 10 za subira zingelimaliza. Kwa hiyo yeyote aulizwaye neno la siri ambalo jana lilikuwa sahihi na aache kulibadilisha, asimamishe kompyuta nyingine zote, angoje robo saa, ndipo ajaribu tena.

Yamkini msomaji atasema kwamba programu za siku hizi zina hiari ya kuacha nakala kwenye seva. Kweli zinayo, na hiyo hiari ndiyo chanzo cha matumaini ya uongo. Kwanza, haina nguvu ya pamoja: ikiwa kompyuta tatu zimeamriwa kuacha nakala na ya nne imeamriwa kufuta, ile ya nne hubatilisha uungwana wa wenzake watatu, kwani barua ikifutwa seva imefutwa kwa wote. Ndivyo ilivyokuwa katika ofisi niliyoitaja, ambamo kompyuta ya dirishani, kwa kuwa ilitayarishwa zamani na fundi mwingine kwa matumizi ya mtu mmoja, ilikuwa ikizoa kila kitu kila ilipowashwa, na siku ilipozimwa mambo yakawa shwari. Ndiyo maana dosari ilionekana kuja na kuondoka bila ya mpango. Pili, nakala hiyo ina muhula. Thunderbird, kwa mfano, kwa kaida yake huiacha siku 14 tu. Mhasibu akichukua likizo ya siku 28 na kompyuta yake ikakaa imezimwa, barua za nusu ya kwanza ya likizo hatazipata kamwe katika mashine yake, hata kama wenzake wote wanazo.

Tatu, kila kompyuta hujiwekea daftari lake la siri la kukumbuka barua gani imekwisha kuzichukua. Katika Thunderbird daftari hilo ni faili dogo liitwalo popstate.dat. Likiharibika, labda kwa umeme kukatika wakati linaandikwa, kompyuta husahau yote na kuanza kupakua upya barua za miezi mingi, na mwenye kompyuta hudhani amevamiwa na virusi. Na katika Gmail daftari la namna hiyo hushikwa na seva yenyewe: barua ikishatolewa mara moja kwa njia ya POP haitolewi tena kwa mashine nyingine, ingawa ukilifungua sanduku kwa kivinjari unaiona imekaa mahali pake. Wahandisi wa Google walitambua udhia huo wakaweka mlango wa pembeni, yaani kulitanguliza jina la mtumiaji kwa neno recent na nukta mbili, ili kila mashine ipewe barua za siku 30 za karibuni pasipo kujali nani alizichukua kabla. Ni hila iliyowafaa wengi. Lakini simu ya katibu, ambayo nayo ni kompyuta katika hesabu hii hata kama hakuna anayeihesabu, isiposahihishwa pia huendelea kuchukua zake.

Kwa sababu hizo zote, kazi ya kwanza ya mwenye kuchunguza si kuzigusa kompyuta. Ni kulifungua sanduku kwa kivinjari, hata kwa simu ya mkononi, na kuangalia kama barua inayotafutwa imo. Ikiwa imo, dosari iko katika mashine isiyoiona. Ikiwa haimo wala katika takataka haimo, basi ama ilikwisha kuchukuliwa na mashine nyingine ama haikufika kabisa, na kila kompyuta na kila simu yenye anwani ile ipekuliwe. Baada ya hapo zitenganishwe zote na mtandao, itumwe barua ya majaribio kutoka anwani ya nje, iunganishwe kompyuta moja tu ili ipokee, kisha mtu arudi kwenye kivinjari atazame kama barua bado ipo. Halafu ya pili kwa barua nyingine, na ya tatu, na ya nne. Ile ambayo baada yake sanduku limebaki tupu imejitaja yenyewe. Njia hii ni ya polepole, na nimeona mafundi wakiidharau kwa upole wake, lakini hutoa ithibati badala ya dhana, na katika ofisi ambamo watu wameanza kutazamana kwa jicho baya ithibati ina thamani kuu.

Nisingependa msomaji aondoke na wazo kwamba POP ni itifaki mbovu. Iliwafaa watu wa wakati wake, na sisi wa Afrika Mashariki yatupasa kuwa wa kwanza kuikiri fadhila hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya Tanzania kupata kikoa chake cha .tz mwaka 1995, madaktari wa Dar es Salaam walikuwa wakipelekeana habari na wenzao wa ng'ambo kwa mpango wa HealthNet, ulioanzishwa na shirika la SatelLife la daktari wa moyo Bernard Lown, kwa kutumia setilaiti ndogo iliyozunguka dunia kwa njia ya ncha mbili. Setilaiti ilipita juu kwa dakika chache, mara chache kwa siku. Katika dakika hizo kituo cha ardhini kilipokea kila kilichokuwa chake, kikapeleka kila kilichoandikwa, kisha vikatengana, na barua zikasomwa kwa utulivu mtandao ukiwa haupo. Kadhalika wale waliotumia FidoNet kwa modemu na simu za waya, Nairobi, Kampala na hapa kwetu, walipiga simu usiku, wakachukua fungu la barua, wakakata simu kabla ya gharama kupanda. Kuchukua zote na kuondoka nazo kulikuwa ndiyo akili iliyo sahihi mahali ambapo kila dakika ya laini ina bei. Kosa ni kuichukua akili hiyo na kuitia katika ofisi yenye kompyuta nne zinazoshirikiana sanduku moja.

Dawa ya kudumu ni itifaki ya pili, IMAP, ambayo Mark Crispin aliianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Stanford. Katika hii barua ya asili haiondoki seva. Kila kompyuta huiangalia humo humo, huweka alama humo humo, na alama iliyowekwa na mmoja huonekana na wote: imesomwa, imejibiwa, imehamishwa. Majibu yaliyotumwa nayo hukaa seva, jambo ambalo wengi hawalithamini mpaka walikose; kwani chini ya POP jibu la katibu hubaki ndani ya kompyuta ya katibu, na karani asiyeliona huandika lake, na mnunuzi mmoja akapokea bei mbili za gunia moja kutoka ofisi moja kwa siku moja. Mkulima aliyengojea kuuza ili alipie maji ya msimu ndiye anayelipa gharama ya fadhaa hiyo, ingawa hajapata kuigusa kompyuta maishani mwake. Hilo ndilo linalonifanya nilitaje jambo hili kwa ukali kuliko yanavyostahili mambo ya mitambo: barua ya ofisi ni amana ya watu walio nje ya ofisi.

IMAP ina adabu zake. Afutaye amewafutia wote, na asomaye ameondoa kwa wote ile alama nyeusi iliyokuwa ikiwaonyesha kuwa barua ni mpya. Basi ofisi na ikubaliane kwamba barua isiyo ya msomaji irudishiwe alama ya kutosomwa, na ziwepo folda za wazi, ya oda, ya fedha, ya zilizojibiwa, ili kila mtu ajue barua iko katika hatua gani bila ya kuulizana. Tena idadi ya miunganisho ina mpaka. Gmail huruhusu miunganisho 15 ya IMAP kwa wakati mmoja kwa akaunti moja; Thunderbird, isipoelekezwa vingine, huweza kufungua 5 peke yake. Kompyuta tatu zikiwa zimewashwa, 15 zimekwisha, na ya nne hukataliwa pamoja na simu zote, ndipo watu wanaporudia kauli ya kwamba IMAP haifai kwa Dakawa. Punguza katika kila mashine iwe 2, na zote zitaingia.

Zipo dosari zinazojifanya kuwa za barua na kumbe si zake. Ile ninayoikuta mara nyingi zaidi ni ya saa. Ndani ya kila kompyuta ya mezani mna betri bapa ya duara, aghalabu ya namba CR2032, inayoilinda saa wakati umeme haupo. Ikichoka, kila umeme unapokatika kompyuta huamka ikiamini kwamba imo katika mwaka wa zamani, uliopita kwa muda mrefu. Milango ya usalama, 995 kwa POP na 993 kwa IMAP, hufunguliwa kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta iliyomo katika mwaka wa kale hukiona cheti cha leo kuwa bado hakijaanza kutumika, ikakikataa, na barua zikasimama. Mtu hutengeneza tarehe kwa mkono, barua zikaja. Usiku umeme ukakatika, asubuhi zikakataa tena. Na jirani, ambaye kompyuta yake ni ya mapajani yenye betri kubwa, hana tatizo lolote. Betri hiyo ndogo haina bei kubwa, na kuibadilisha hakuhitaji zaidi ya bisibisi na mkono mtulivu.

Nyingine ni ya uzee wa programu. Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, haiwezi kwa programu zake za asili kusema lugha ya usalama inayotakiwa na seva nyingi za leo, na hakuna mpangilio utakaoifundisha. Na tangu tarehe 30 Mei 2022 Google ilipoanza kuwafungia wenye akaunti binafsi njia ya kuingia kwa jina na neno la siri pekee, na Microsoft ikafuata kwa akaunti za maofisi tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo, programu kongwe zilizokuwa zikifanya kazi kwa miaka mingi zilinyamaza kwa mkupuo. Hapo neno la siri ni sahihi na bado linakataliwa; linalotakiwa ni programu mpya inayojua kuomba idhini kwa kivinjari, au kwa Gmail neno maalumu la programu, litolewalo baada ya kuwasha uthibitisho wa hatua mbili.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopata taabu kubwa ya mtandao. Aliyekuwa akisoma barua kwa kivinjari tu hakuwa na chochote cha kusoma. Aliyekuwa na kompyuta yenye IMAP iliyoamriwa kuhifadhi nakala kamili aliweza kuzitazama oda za wiki iliyopita, akapiga simu kwa wateja, akaendelea na kazi. Kwa hiyo rai yangu kwa ofisi ya Dakawa, na kwa ofisi yoyote iliyo katika hali kama yake, ni kwamba mashine zote ziingie kwa IMAP, na mojawapo, iliyo nzima kuliko nyingine na isiyoguswa na wageni, ipewe kazi ya kuhifadhi barua zote na viambatisho vyake ndani yake, nakala ya hizo ikipelekwa mara kwa mara katika diski ya nje inayofungiwa kabatini.

Yabaki barua zilizokwisha kutawanyika. Hizo zinarudishwa kwa kazi isiyo ngumu bali ndefu: katika kila kompyuta akaunti ya POP isifutwe, izuiwe tu kupakua, akaunti ile ile iongezwe upya kwa IMAP kando yake, kisha barua za zamani zivutwe kutoka folda za ndani ya kompyuta na kudondoshwa katika folda za seva, fungu la mia moja au mia mbili kwa mara moja, kwa kuwa fungu kubwa mno hukatikia njiani na huwezi kujua limeishia wapi. Kabla ya kuanza, itazamwe nafasi iliyobaki kwenye seva, kwani sanduku likijaa katikati ya kazi hii barua mpya zitaanza kurudishwa kwa waliozituma. Kazi ianzie kwa kompyuta ya dirishani, kwa kuwa ndiyo iliyozoa zaidi. Ifanywe usiku, wakati kifurushi ni rahisi na mnara haujalemewa. Na kila folda ihesabiwe pande zote mbili, barua zilizoko ndani na zilizoko seva, namba zikilingana ndipo folda ya ndani iruhusiwe kufutwa. Barua zinazojirudia zitakuwapo, kwani kompyuta mbili huenda zilichukua nakala moja moja. Ziachwe mpaka zote nne zimekwisha kuhamishwa, ndipo zichujwe kwa kivinjari, ambako kila folda inaonekana kwa ukamilifu wake.